Solver inanipa mpango, kiwanda kinaukataa

SWALI

Wapendwa washauri, shikamooni.

Ninapanga uzalishaji kwenye kiwanda kidogo cha mkonge hapa Tanga, upande wa Pongwe. Nina stashahada ya uhandisi mitambo, na sasa najisomea utafiti wa uendeshaji, lile somo ambalo vyuoni wanaliita OR, kwa sababu bosi amechoka na mipango ya mazoea. Jedwali la simpleksi, ile njia ya hatua kwa hatua ya kutafuta mpango bora, nalijaza kwa mkono bila taabu. Taabu inaanza nikifunga daftari na kuingia kiwandani.

Tunatoa kamba na uzi wa kufungia. Rola moja ya kamba inakula kilo 20 za singa (nyuzi za mkonge) na saa 1 ya mashine ya kusokota. Robota moja la uzi ni kilo 12 na saa 1.5. Mhasibu anasema kamba inaacha Sh 17,000 kwa rola na uzi Sh 14,700 kwa robota. Singa tunapata kilo 2,400 kwa wiki. Mashine za kusokota ni 4, kila moja saa 45 kwa wiki, jumla saa 180. Soko la uzi halizidi robota 80.

Solver, kile kifaa cha Excel cha kutafuta jibu bora, ilinipa kamba 80, uzi 66.67, na Sh 2,340,000. Nikashusha uzi uwe 66. Wasokotaji walianza na kamba, wakamaliza zote 80, lakini Jumamosi kazi inafungwa uzi ulikuwa robota 56 tu, na kilo 128 za singa zimebaki. Fundi mkuu anasema hizo ni hesabu za vitabuni.

Sasa nina oda za wiki ijayo: kamba 70, uzi 60, na mazulia ya mlangoni 100 (zulia moja linataka singa kilo 2 na robo saa ya kusokota). Nikiziingiza, Solver inasema hakuna jibu linalowezekana, basi, haielezi zaidi. Bosi naye anauliza kama tulipe ovataimu.

Je, nirudi kwenye kalkulasi kwanza? Nijifunze Python? Nianze wapi, niishie wapi?

Mpanga Uzalishaji, Pongwe

JIBU

Marahaba, ndugu yetu. Barua yako ina namba za kutosha, kwa hiyo tutajibu kwa namba.

Fundi mkuu ana haki ya kununa, lakini Solver haikukosea. Uliiambia ina saa 180, ikazipanga zote mpaka ya mwisho. Tazama kilichotoka kweli: kamba 80 kwa saa 1 ni saa 80, uzi 56 kwa saa 1.5 ni saa 84. Jumla 164, na saa moja iliyobaki haitoshi robota jingine. Kiwanda chako kina saa kama 165 za kusokota. Zile 15 nyingine ni saa za mashine kusimama: kubadilisha bobini, nyuzi kukatika na kuungwa, kusafisha vumbi la singa, umeme. Ukizigawa kwa mashine 4 na siku 6, ni kama dakika 37 kwa mashine kwa siku. Hakuna anayezishtukia kwa sababu zinapotea dakika tano tano.

Wiki moja haitoshi kuthibitisha hiyo 165. Ning'iniza daftari kwenye kila mashine kwa wiki mbili au tatu, lenye safu tatu tu: imesimama saa ngapi, imewaka saa ngapi, kwa nini. Ukiongeza safu ya nne hawatajaza. Kama nyakati za saa 1 na saa 1.5 ulizipata kwa kumpima msokotaji hodari akijua anapimwa, zipime upya pia, kwa watu wa kawaida, siku tofauti.

Sasa rudisha 165 kwenye modeli, yaani hesabu uliyoipa Solver. Jibu linakuwa kamba 90, uzi 50, na mchango (jumla ya zile 17,000 na 14,700) wa Sh 2,265,000. Kamba inapanda na uzi unashuka, na singa zote 2,400 zinaisha. Kwenye karatasi ni pungufu ya 2,340,000 uliyoahidiwa mwanzo, lakini wiki yako iliyopita ilileta 17,000 × 80 + 14,700 × 56, yaani Sh 2,183,200. Mpango mnyenyekevu ungeleta Sh 81,800 zaidi, kwa mashine zile zile na watu wale wale. Ndiyo tabia ya mpango bora: unakaa ukingoni kabisa mwa rasilimali, hauna nafasi ya kupumua, kwa hiyo kosa kwenye saa au kilo linapiga moja kwa moja kwenye oda. Mpango wa mazoea huwa na ulegevu ndani yake, na ulegevu huo ndio unaoficha namba mbovu.

Kabla hujaigusa tena kompyuta, chora. Mada hii uliifanya kidato cha nne: mistari miwili mitatu, eneo la kutia kivuli, kisha kukokotoa thamani kwenye kila kona, yaani pembe, ya eneo hilo. Pembe zako, kamba kwanza kisha uzi, ni (120, 0), (90, 50), (45, 80) na (0, 80), ukiacha sifuri kwa sifuri. Thamani zake kwa mfuatano ni 2,040,000, 2,265,000, 1,941,000 na 1,176,000. Ukishaziona kwa macho, siku Solver ikikupa kitu cha ajabu utajua papo hapo kwamba umekosea kuandika. Kila modeli kubwa utakayounda ianze hivi, na bidhaa mbili tu ambazo jibu lake unalijua.

Kuna namba moja tusiyoiamini bado: hizo 17,000 na 14,700. Muulize mhasibu amekata nini. Inayotakiwa ni bei ya kuuzia ukitoa gharama zinazopanda rola ikiongezeka: singa, mafuta ya kulainishia, umeme wa mashine, vifungashio. Kodi ya jengo, mshahara wa mlinzi na mishahara ya wiki ambayo italipwa hata mashine zikilala havitakiwi humo. Wahasibu wengi hugawa gharama hizo za kudumu kwa kila rola, na kwao ni sawa kwa sababu wanatengeneza ripoti ya mwaka. Kwako zinapindua uamuzi, maana bidhaa inayobebeshwa kodi kubwa itaonekana haifai ilhali ndiyo inayolipa. Hapa chini tunachukulia mhasibu wako amekata vizuri.

Kuhusu 66.67: kukata desimali si sawa na kutafuta namba kamili. Kwa saa 180, wewe ulichagua kamba 80 na uzi 66, yaani Sh 2,330,200. Kamba 81 na uzi 65 zinatumia singa kilo 2,400 kamili na saa 178.5, na zinaleta Sh 2,332,500. Tofauti ni Sh 2,300, pesa ya soda na chapati, kwa hiyo kwa bidhaa zinazohesabiwa kwa makumi usijisumbue, kata tu. Ukianza kuamua malori mangapi au mashine ipi iwashwe, hapo kukata desimali kunaweza kukupa jibu bovu kabisa au lisilowezekana, na lazima uweke sharti la namba kamili. Ukiliweka, fungua chaguo za Solver uangalie uvumilivu wa namba kamili (Integer Optimality). Kwenye matoleo mapya huja umewekwa asilimia 1, maana yake inaruhusiwa kusimama mapema ikiwa na jibu pungufu kwa kiasi hicho. Weka 0. Na kwenye njia ya kukokotoa chagua Simplex LP, kwa kuwa ile inayokuja yenyewe ni ya hesabu zisizo za mstari. Usitumie IF ndani ya seli za modeli. Kanuni ya IF inavunja mstari, na Solver italalamika au itakupa jibu la kubahatisha.

Sasa ovataimu, ambayo ndiyo sehemu tamu.

Kila sharti lililobana lina bei kivuli: kiasi ambacho lengo, kwako mchango wa wiki, linaongezeka ukilegeza sharti hilo kwa kipimo kimoja. Kwako saa ya kusokota ina bei kivuli ya Sh 5,000 na kilo ya singa Sh 600. Soko la uzi lina bei sifuri kwa sababu haujalifikia. Hakiki: 165 × 5,000 + 2,400 × 600 inarudisha 2,265,000 ile ile. Excel inaitoa kwenye ripoti ya unyeti (Sensitivity), ila ripoti hiyo haitoki kama umeweka namba kamili, kwa hiyo iendeshe kwanza bila sharti hilo. Au fanya kienyeji, badilisha 165 iwe 166 uone lengo linasogea kiasi gani.

Angalia hiyo saa inafanya nini. Ongeza saa 9: kamba zinashuka kutoka 90 hadi 84, na uzi unapanda kutoka 50 hadi 60. Watu wengi wangetumia saa za nyongeza kusokota zaidi ya kila kitu. Haiwezekani, singa zimeisha. Kinachofanyika ni kuchukua kilo 120 kutoka kwenye rola 6 za kamba na kuzigeuza robota 10 za uzi, ambao kwa kila kilo unaingiza zaidi lakini unakalia mashine muda mrefu. Hilo ndilo la kumweleza bosi, kwa sababu akiona kamba zimepungua wakati analipa ovataimu atadhani anaibiwa.

Je, alipe? Saa ya modeli ni saa ya kusokota kweli. Saa ya ovataimu ni saa ya ukutani, nayo itakuwa na kusimama kwake vile vile. Kwa uwiano wa 165 kwa 180, saa moja ya ukutani ina thamani ya kama Sh 4,580. Kama gharama yote ya kuendesha mashine moja kwa saa ya nyongeza, pamoja na msimamizi na taa, iko chini ya hapo, alipe; ikizidi, asilipe. Umeme wa mashine usiuhesabu tena, umeshakatwa kwenye 17,000 na 14,700. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka ovataimu ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na mfanyakazi asizidishe saa 50 za ovataimu ndani ya wiki nne, kwa hiyo viingize hivyo viwili kwenye hesabu tangu mwanzo. Tena bei ya 5,000 haidumu milele. Saa za kusokota zikifika 192 uzi unagonga robota 80 za soko, na kuanzia hapo saa ya ziada haina thamani.

Kwa singa, kosa linalowapata wanaoanza ni kusoma 600 kama bei ya juu ya kununulia kilo. Bei ya kawaida imeshakatwa ndani ya 17,000 na 14,700. Hiyo 600 ni juu ya bei ya kawaida. Mkulima wa Muheza akikuletea singa kwa Sh 400 zaidi ya unavyonunua siku zote, chukua, unabaki na 200 kwa kila kilo.

Tuje kwenye "hakuna jibu linalowezekana". Usiendelee kuitazama skrini, jumlisha mahitaji kwa kila rasilimali. Singa: 1,400 + 720 + 200 ni kilo 2,320, zinatosha. Saa: 70 + 90 + 25 ni 185. Hata kwa zile 180 za karatasi umezidi; kwa 165 za kweli umepungukiwa saa 20. Masharti yakiwa matatu hili unaliona kwa kalamu. Yakiwa mia, fanya hivi: kwenye kila sharti unaloshuku ongeza kigeu (namba ambayo Solver ndiyo inaichagua) cha upungufu, kisichoshuka chini ya sifuri, na kwenye lengo kitoze faini kubwa kuliko mchango wowote wa bidhaa. Modeli itapata jibu daima, na kigeu kilichotoka na namba ndicho kinachoonyesha sharti gani limevunjika na kwa kiasi gani. Kwako kitasema saa, 20.

Baada ya hapo ni mazungumzo na watu wa mauzo. Saa 20 za kweli ni kama saa 22 za ukutani, yaani dakika 55 kila siku kwa mashine zote nne. Au uzi upungue robota 14. Au mazulia yabaki 20. Modeli haichagui mteja wa kukasirishwa, ila wewe unaingia kwenye kikao ukijua kila njia inagharimu nini.

Mazulia yatakuletea jambo jingine hivi karibuni. Tuseme kuanza kusokota uzi wake mnene kunakula saa 5 za kubadilisha mitambo, yawe zulia moja au mia. Hilo halikai kwenye mstari. Linahitaji kigeu cha sifuri au moja, kiite k. Kwenye saa ongeza 5k, na weka sharti kwamba mazulia yasizidi M × k, ambapo M ni namba kubwa ya kutosha isiyozuia mazulia pale k ikiwa 1. Karibu kila anayejifunza huandika M kuwa 1,000,000. Programu hizi hukubali namba iliyo karibu sana na namba kamili, kwa kawaida tofauti ya 0.000001 au hata kubwa kidogo, hivyo k ya 0.000001 inaruhusu zulia 1 kupita bila kulipa saa 5. M yako inapatikana kwa hesabu: saa 165 toa 5, gawa kwa 0.25, ni mazulia 640. Singa zingeruhusu 1,200. Chukua ndogo, 640. Modeli itakwenda haraka zaidi pia.

Kalkulasi iache. Kwa programu ya mstari, yaani hesabu za aina hii yako, unahitaji aljebra na matriksi ulizonazo. Na kujaza jedwali la simpleksi kwa mkono umeshafanya kwa kiasi cha kutosha. Mara mbili tatu zinatosha kuelewa kigeu kinaingiaje na kingine kinatokaje. George Dantzig aliitunga njia hiyo mwaka 1947, na kwa miongo mingi sasa kompyuta ndizo zinazoifanya. Kabla yake Leonid Kantorovich, kule Urusi, alikuwa ameshachapisha mbinu za aina hii mwaka 1939, baada ya kuletewa swali la kugawa kazi kwenye mashine za kiwanda cha mbao za plaiwudi. Swali lake lilifanana na lako kuliko linavyofanana na mazoezi ya kitabuni.

Mpangilio tunaopendekeza: kaa kwenye lahajedwali kwa miezi miwili. Namba zote za data kwenye karatasi moja, vigeu kwa rangi moja, kila sharti likiwa na safu ya "imetumika", "ipo" na kipimo chake, ili saa za siku zisichanganyike na saa za wiki. Unda modeli tano ndogo za hapo hapo mjini. Ugawaji wa mizigo kutoka maghala mawili kwenda Korogwe, Handeni na Lushoto ni mmoja. Ukataji wa nondo ni mwingine, na tunausisitiza kwa sababu unafundisha kuchagua kigeu. Nondo ni mita 12, unataka vipande vya mita 3.5 na vya mita 2.5. Ukifanya kigeu kuwa "vipande" utazunguka. Kigeu ni namna ya kukata: vitatu vya 3.5 vinaacha mita 1.5, viwili kwa viwili havibakishi kitu, kimoja cha 3.5 na vitatu vya 2.5 vinaacha mita 1. Vinne vya 2.5 vinaacha 2. Namna nne, vigeu vinne, na tatizo limelainika.

Kisha namba kamili na vigeu vya sifuri na moja. Foleni na uigaji vije mwisho, kwa kuwa vinataka uhodari wa nadharia ya uwezekano, na hapo ndipo wahandisi wengi huteleza.

Python usiikimbilie. Solver inayokuja na Excel inaishia vigeu 200, na wewe una vitatu. Ukianza kupanga bidhaa 15 kwa wiki 12 kwenye hatua za kuchana, kusokota na kusuka, utauvuka ukomo huo, na hapo PuLP, maktaba ya Python ya kuandikia modeli hizi, ndiyo nyepesi kwa kuanzia. Ni ya bure, na inafanya kazi na vikokotozi vya bure kama CBC na HiGHS. Kama hata Excel huna, LibreOffice Calc ina Solver yake. Hakikisha tu umetia alama kwamba vigeu visishuke chini ya sifuri. Kompyuta ya mkononi yenye RAM ya GB 4 inamudu yote haya.

Kwa Jumatatu, mpelekee fundi mkuu daftari la mashine kabla ya mpango, na umwombe yeye ndiye ataje saa za wiki. Akitaja 160, weka 160: kamba 93.33 na uzi 44.44, ambazo utazishusha ziwe 93 na 44.